Jina na Maana Yake: Uhakiki wa Orodha za Majina ya Kiume kwa Ushahidi wa Peramiho

Vitabu vyenye kufasiri majina ya watu vina desturi moja. Jina huandikwa kwanza, kisha hutajwa lugha ambamo limetoka, kisha hutolewa maana yake kwa neno moja au mawili. Ndivyo alivyofanya Ogonna Chuks-orji katika Names from Africa, kilichotolewa Chicago mwaka 1972. Na ndivyo zifanyavyo orodha nyingi zilizofuata, ambazo nyingine zimenakiliana hata mtungaji wa kwanza hajulikani tena. Msomaji huambiwa ya kuwa jina fulani la kiume ni la Kingoni na maana yake ni furaha, au kwamba jingine ni la Kijerumani na maana yake ni mkuki wenye kutawala. Haulizwi swali, wala haonyeshwi ushahidi.

Mahali pazuri pa kuipima desturi hiyo ni Peramiho, magharibi ya mji wa Songea. Wamonaki Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia walianzisha misheni yao hapo mwaka 1898, katikati ya nchi iliyokuwa chini ya watawala Wangoni. Tangu siku hizo majina ya Kinguni, majina ya wenyeji waliotawaliwa, majina ya Kilatini, Kiebrania, Kigiriki na ya Kijerumani cha kale yamekutana katika daftari moja la ubatizo, na aghalabu katika mtu mmoja. Lau njia ya orodha ingekuwa sahihi, ingetosha kulichukua daftari hilo na kuandika mbele ya kila jina lugha yake na maana yake. Hoja ya makala haya ni kwamba kazi hiyo, hata ifanywe kwa uangalifu mkubwa, ingemwacha msomaji katika ujinga uleule aliokuwa nao. Maana orodha huchanganya mambo mawili yasiyokuwa moja, yaani asili ya neno na maana ya jina.

Kosa la kwanza ni la lugha. Katika orodha nyingi Kondwani, Bwerani na Kwacha hutajwa kuwa ni majina ya Kingoni. Mwenye kujua Kichewa hahitaji kuambiwa ya kuwa hayo ni maneno ya Kichewa. Kondwani ni amri ya wingi ya kitenzi kondwa, yaani furahini. Bwerani ni njoni. Na Kwacha ni kumekucha. Sababu ya kosa ni dhahiri. Wangoni wa Malawi waliacha lugha ya babu zao wakashika Kichewa na Kitumbuka, na mkusanyaji aliyeambiwa na Mngoni jina lake akaandika kabila la mtu mahali pa lugha ya neno.

Kwa Wangoni wa Songea kosa hilo huzidi, maana huko neno Kingoni lenyewe limebadilika maana. Watu wa Zwangendaba walitoka kusini mwa Afrika wakisema lugha ya jamii ya Kizulu, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, wakafika Ufipa, na baada ya kifo cha mkuu wao wakatawanyika. Sehemu yao, wakiongozwa na Zulu Gama na Mbonani Tawete, ilifika Ungoni, zikatokea dola mbili, Njelu na Mshope. Njiani walikuwa wamekwisha kuingiza watu wa makabila mengi, na walikofika waliwatawala wengine wengi zaidi. Padre Cassian Spiss, mwanzilishi wa misheni ya Peramiho, aliyeuawa akiwa askofu mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji, alichapisha mwaka 1904 maelezo ya lugha za nchi hiyo akayapa jina Kingoni und Kisutu. Jina hilo peke yake latosha kuwa ushahidi: wakati ule zilikuwa lugha mbili, moja ya watawala na moja ya watawaliwa. Baadaye ile ya watawala ilikwisha, na ile ya watawaliwa ikaendelea ikiwa na maneno machache ya Kinguni ndani yake, nayo ndiyo iitwayo Kingoni leo. Hiyo ndiyo lugha aliyoieleza Deo Ngonyani katika A Grammar of Chingoni mwaka 2003.

Basi mtu akisema jina fulani ni la Kingoni, apasa kuulizwa: Kingoni kipi? Cha Zwangendaba, cha Malawi, au cha Songea cha leo? Orodha haina nafasi ya swali hilo. Anayeumia si mtaalamu peke yake. Mzazi wa Songea atafutaye jina la jadi kwa mwanawe hufungua orodha, akapewa neno la Kichewa kwa muhuri wa babu zake. Kichewa ni lugha tukufu, na mtu huru kuchagua humo. Lakini hakukiomba, wala hakuambiwa kuwa amepewa.

Kosa la pili ni la kusoma neno kwa lugha isiyokuwa yake. Mfano mzuri ni jina la Songea Mbano, nduna wa Njelu, ambalo ndilo jina la mji. Msemaji wa Kiswahili akilisikia huona upesi kitenzi songa katika kauli ya kutendea, na kutoka hapo ni rahisi kutunga hadithi ya mtu aliyewasonga adui zake. Kufanana kwa sauti si ushahidi. Kitenzi cha Kiswahili hakiwezi kueleza jina alilopewa mtoto katika nchi ambayo Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani, mpaka ionyeshwe kwamba wazazi walikuwa na neno hilo, na kwamba walilitumia kwa maana hiyo.

Jina la Zwangendaba ni tofauti. Hili nalo husomeka: -zwa ni kusikia, nge- ni kwa njia ya, na ndaba ni habari; kwa hiyo ni kusikia kwa habari. Kwa nini fasiri hii ikubaliwe na ile ya Songea ikataliwe? Kwa sababu vipande vyote vitatu ni vya lugha ya hao waliompa jina, vimepangwa kwa sarufi ya lugha hiyo, na majina ya namna hiyo, yaliyo sentensi nzima au sehemu ya sentensi, ni ya kawaida katika lugha za Kinguni. Hapa pana mambo matatu: lugha, sarufi na desturi. Kwa Songea pana jambo moja tu, nalo ni sikio la msikilizaji. Orodha huweka fasiri zote mbili kwa uzito mmoja, kwa kuwa haina mahali pa kuonyesha ushahidi.

Hata hivyo, makosa haya mawili yaweza kusahihishwa na mwandishi mwenye elimu na subira. La tatu haliwezi kusahihishwa bila kuiacha njia yenyewe, nalo huonekana zaidi katika majina ya Kijerumani.

Mgeni afikaye Ungoni hushangaa kukutana na wanaume waitwao Gerold, Lambert, Norbert, Adelhelm, Meinrad, Otmar au Gebhard, majina ambayo baadhi yake ni adimu hata Ujerumani kwenyewe siku hizi. Orodha zitamwambia kuwa Gerold ni mkuki na utawala, Adelhelm ni uungwana na kofia ya vita, Lambert ni nchi na mwangaza, Gebhard ni kipawa na nguvu, Meinrad ni nguvu na shauri. Mizizi hiyo ni ya kweli, na wanaisimu wameithibitisha. Lakini kwamba ni maana ya majina hayo si kweli, hata kwa Wajerumani wa kale.

Majina yao mengi yalifanywa kwa vipande viwili vilivyochaguliwa katika akiba ya vipande, na mara nyingi kipande kimoja kilichukuliwa kutoka jina la baba au la jamaa mwingine. Katika utenzi mkongwe wa Hildebrand, baba wa shujaa ni Heribrand na mwanawe ni Hadubrand. Hild ni vita, na hadu ni vita vilevile. Brand ni moto au upanga. Mtu akizifasiri zote mbili kwa mizizi, baba na mwana watakuwa na maana ileile, wala hataona jambo kubwa lililo wazi mbele yake: kipande brand kimerithiwa vizazi vitatu ili kuonyesha kwamba hawa ni wa damu moja. Vivyo hivyo Siegfried ni ushindi na amani, na hapana sentensi inayoviunganisha viwili hivyo. Maana ya jina ilikuwa ukoo. Fasiri ya orodha, basi, ilikuwa imekosea kabla jina halijapanda meli kuja Afrika.

Kutoka huko majina yalipita mikono mingine. Lambert na Norbert walikuwa maaskofu, Otmar na Gebhard kadhalika ni watakatifu, na baada ya kifo chao majina yao yaliitwa kwa ajili yao, si kwa ajili ya nchi wala mwangaza. Katika monasteri za Kibenediktini mmonaki alipoweka nadhiri alipewa jina jipya la mtakatifu, akaacha lile alilobatizwa nalo. Wamisionari wa Peramiho waliowapa wengine majina walikuwa wenyewe watu waliopewa majina mapya. Mwangalie Abate-Askofu Gallus Steiger, Mswisi, aliyeongoza Peramiho ilipofanywa abasia yenye mamlaka ya jimbo mwaka 1931. Orodha itasema gallus ni jogoo kwa Kilatini, au ni mtu wa Galia. Kwa Mswisi hakuna jogoo hapo: Gallus ni mkaa-pweke wa karne ya 7, ambaye mahali pa kibanda chake ilisimama baadaye abasia ya St. Gallen, na Otmar ndiye abate wake wa kwanza. Mtoto wa Kingoni aliyeitwa Gallus katika miaka ya 1930 aliunganishwa na watu wawili, mtakatifu wa mbali na askofu wa karibu. Jogoo hana sehemu katika habari hiyo.

Njia iliyoyaingiza majina katika daftari ilikuwa na sheria yake. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, kanuni ya 761, ziliwaagiza maparoko waangalie anayebatizwa apewe jina la Kikristo. Na wasipoweza kulipata hilo, waliongeze jina la mtakatifu juu ya jina walilotoa wazazi, na kuyaandika yote mawili daftarini. Sheria za mwaka 1983, kanuni ya 855, zinataka tu kwamba jina lisiwe geni kwa hisia ya Kikristo. Tofauti ya kanuni hizi mbili ni kubwa kwa mchunguzi wa majina. Chini ya ile ya kwanza jina la mtakatifu lilikuwa agizo, na jina la nyumbani lilivumiliwa. Chini ya ile ya pili jina la mtakatifu ni hiari. Gerold wa mwaka 1935 na Gerold wa mwaka 1995 wana jina lenye mizizi ileile, lakini la kwanza limepitia agizo la Kanisa na la pili yawezekana limechaguliwa kwa kumkumbuka babu. Katika hali hiyo ya pili jina la Kijerumani limerudi kufanya kazi yake ya kwanza, ile ya Heribrand na Hadubrand: kufunga vizazi.

Pana mfano mzito kuliko huu. Vita vya Maji Maji vilifika Ungoni mwaka 1905, na misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Vita vilipozimwa, wakuu wengi wa Wangoni walinyongwa mjini Songea mwaka 1906, siku inayokumbukwa zaidi ikiwa ni tarehe 27 Februari. Na baadhi yao walibatizwa walipokuwa wakingojea kifo. Jina la ubatizo lililotolewa kwa mtu aliye chini ya kamba, na jinalo hilohilo lililotolewa miaka 20 baadaye kwa mwanafunzi ambaye wazazi wake walimpeleka wenyewe, yana asili moja katika kamusi. Nani atakayethubutu kusema yana maana moja? Kumbukumbu ya watu imekwisha kutoa hukumu yake. Waliokufa wanatajwa mpaka leo kuwa ni Mputa Gama na Songea Mbano, kwa majina waliyopigania. Lakini wajukuu wa kizazi kilekile wanaitwa Norbert na Lambert, wala hawayaoni kuwa ni majina ya mtu mwingine. Mambo yote mawili ni ya kweli, na orodha haiwezi kulionyesha hata moja.

Ni haki kusema pia lile ambalo njia ya orodha hulifanya vema. Hufaa katika kulinganisha wazo moja katika lugha nyingi, pale ambapo neno bado lilikuwa wazi kwa aliyelitumia kwanza. Majina ya kiume yenye wazo la kipawa cha Mungu ni mfano. Kiebrania kina Nathanaeli, Mungu ametoa. Kigiriki kina Theodoros, zawadi ya Mungu. Kilatini kina Deusdedit, jina la papa wa karne ya 7, na Adeodatus, jina la mwana wa Augustino. Kiarabu kina Ataallah. Kiajemi kina Khodadad. Lugha za Kislavoni zina Bogdan. Na Kizulu kina Sipho, zawadi, pasipo kumtaja mtoaji. Deusdedit na Deogratias ni majina yaliyoenea Ungoni na sehemu nyingine za Tanzania. Lakini hata hapa safu ya maana haitoshi, maana inaficha sarufi. Deusdedit, Nathanaeli na Khodadad zina kitenzi na mtenda. Theodoros ni nomino mbili zilizounganishwa. Adeodatus ni kitenzi cha kutendwa. Deogratias si habari ya mtoto kabisa, bali ni itikio la shukrani lililotoka katika ibada ya Kilatini. Mwanaisimu akiandika mbele ya yote “kipawa cha Mungu” amefuta tofauti zilizokuwa kazi yake kuzionyesha.

Jambo jingine linalopotea ni jinsia ya jina. Orodha hugawa majina ya kiume na ya kike kama kwamba kila lugha hugawa hivyo. Kijerumani cha kale kiliionyesha jinsia kwa kipande cha mwisho: -bert, -hard na -wald kwa wanaume, -gard na -burg kwa wanawake. Kilatini na Kiarabu huionyesha kwa mwisho wa neno. Kiswahili na lugha za Kibantu za Ungoni hazina jinsia ya namna hiyo katika ngeli zao. Hata hivyo, kwa njia ya majina ya kukopa tu, wasemaji wake wamejifunza jozi kama Benedikto na Benedikta, Paulo na Paula, Rashidi na Rashida. Wala haikuwa kanuni kamili, kwa kuwa Juma, Musa, Luka na Yohana ni wanaume wenye irabu a mwishoni. Umbo nalo hutoa habari nyingine: Yohane na Yosefu ni maandishi ya Wakatoliki, Yohana na Yusufu ni ya Biblia ya Kiprotestanti. Irabu moja yaweza kumwambia msomaji mtu alibatizwa wapi; na hiyo, kwa msikilizaji wa Tanzania, ni sehemu ya maana ya jina iliyo hai kuliko mzizi wa Kiebrania ambao yeye hausikii.

Je, kitu gani kiwekwe mahali pa orodha? Si lazima kitu kikubwa. Kila jina lipewe maelezo ya mambo matano: kwanza, umbo lake kama linavyoandikwa na kama linavyotamkwa mahali hapo, pili, lugha ya neno, ikitengwa na kabila la mwenye jina, tatu, njia lililopita mpaka kufika, nne, nani humpa mtoto jina hilo na kwa sababu gani, kwa kadiri daftari na wazee wanavyoshuhudia, tano, jinsi jina linavyotumika sasa, yaani kama limekuwa la babu, la ukoo au la utani. Mzizi wa neno utakuwa katika jambo la pili, nao utakaa hapo bila kudai zaidi ya haki yake.

Mfano wa mtu ajulikanaye na wote utaonyesha faida. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa mwaka 1922, na Kambarage ni jina la pepo wa mvua katika imani ya Wazanaki, alilopewa kwa kuwa alizaliwa siku ya mvua nyingi. Julius, jina la ukoo wa Kirumi, alilipata alipobatizwa mwaka 1943, akiwa mtu mzima. Kwa njia ya orodha hayo ni maneno mawili yenye fasiri mbili. Kwa njia inayopendekezwa hapa, moja ni tukio la kuzaliwa lililoandikwa kwa lugha ya nyumbani, na la pili ni uamuzi wa mtu wa miaka 21. Kuyasoma hivyo ni kuisoma historia ya nchi katika majina mawili.

Suala hili limewahi kuwa la siasa. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilipiga marufuku majina ya Kikristo kwa raia wake, ikidai kuurudisha uhalisi wa Kiafrika. Tanzania haikutunga sheria ya namna hiyo, lakini hoja yenyewe husikika kila mara: kwamba Gerold ni jina la wageni, na kwamba mwenye kuitwa hivyo amepoteza asili. Hoja hiyo husimama juu ya mguu uleule wa orodha, yaani kwamba jina ni mali ya lugha ambamo mzizi wake ulitoka. Kama mguu huo ungekuwa imara, Juma, Hamisi na Rashidi, majina yenye asili ya Kiarabu, yangepaswa kuondoka pwani siku hiyohiyo. Na hakuna anayelitaka hilo, kwa kuwa kila mtu anajua ni majina ya Kiswahili. Yamekuwa ya Kiswahili kwa kuzaliwa nayo, kurithishwa nayo na kuzikwa nayo. Kipimo hichohicho kikitumika Peramiho, Gerold mwana wa Komba ana jina la Kingoni.

Wala haifuati kwamba yaliyopita yasisemwe. Kwamba jina fulani liliingia kwa agizo, na kwamba jingine lilifutwa au likasukumwa kuwa jina la ukoo tu, ni mambo yapasayo kuandikwa waziwazi, na mahali pake ni katika lile jambo la tatu na la nne. Kinachokatazwa ni kuiacha kamusi itoe hukumu ambayo ni ya historia. Wazee wanaokumbuka nani aliwapa majina na kwa nini wanapungua kila mwaka, na daftari halikuandika sababu. Mzizi wa Kijerumani cha kale utasubiri vitabuni karne nyingine, mzee hatasubiri. Mtafiti aendaye Ungoni na aanze kwake.